Ati Wamezoea

Malindi, Jumapili baada ya Isha

Mwanangu Rukia,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Nyanyako goti linamsumbua tangu kusi ianze, lakini maji ya udhu bado anajichotea mwenyewe, na kila simu ikilia auliza kama ni wewe.

Nimeshika kalamu kwa sababu siku ile uliponipigia ukilia nilikujibu haraka haraka, nikakwambia "vumilia mama, kazi ni kazi." Baada ya hapo nilikaa jikoni mpaka chai ikapoa. Jibu lile halikuwa jibu la mzazi. Naliondoa, nikupe lingine.

Ulinieleza kwamba ulikwenda Eastleigh, hapo Nairobi, mara tatu kwa yule mama wa Sudan, yule aliyekimbia mji wa El Geneina kule Darfur, mpaka akakuamini akakusimulia. Ukaandika kurasa nne. Mhariri wako akazifanya aya moja. Akatoa jina lake, akatoa na picha uliyompiga ameketi na birika lake, akaweka picha ya umati jangwani iliyopigwa kutoka juu, watu kama punje za mchele. Ulipomuuliza, akakujibu kwamba wasomaji wameshazoea habari za Sudan, na wale watu wenyewe wamezoea vita. Wiki hiyohiyo kurasa mbili nzima zilipewa familia moja ya Ukraine, na hata paka wao alitajwa jina.

Neno lililonikaa ni hilo: wamezoea. Ningependa lingekuwa geni kwangu.

Wakumbuka Novemba ya 2018? Ulikuwa darasa la saba. Usiku wa tarehe 20 watu wenye bunduki waliingia Chakama, kile kijiji cha bara ukifuata mto kupandia upande wa Tsavo, wakamchukua binti wa Kitaliano wa miaka 23 aliyekuwa akiwasaidia watoto pale. Walipokuwa wakimchukua walifyatua risasi. Watu watano walijeruhiwa, na watoto wamo.

Mimi wakati ule nilikuwa bado nampikia sinyora, yule mama wa Kitaliano, kule Casuarina. Asubuhi aliponiona alinikumbatia, akalia begani kwangu, nami nikalia. Alikata picha ya yule binti kwenye gazeti lao akaibandika juu ya friji: binti anacheka, watoto weusi wamemzunguka, mmoja amemshika mkono. Kila nilipofungua friji nilimtazama. Kila Ijumaa nilimtaja kwa jina katika dua, na wewe ukaitikia amin. Miezi kumi na minane nilimtaja. Jina lenyewe siliweki katika barua hii, maana ndimi mbaya zilishamchosha, nami nitakwambia zilivyomchosha.

Lakini wale watano, mwanangu, sikumuuliza mtu majina yao. Si siku ile, si mwezi ule, si mwaka ule. Chakama si ng'ambo ya bahari. Ukipanda gari asubuhi, adhuhuri inakukuta umeshafika. Huenda mama wa mmojawapo aliwahi kuniuzia mkaa au maembe sokoni, nikamwomba apunguze bei. Nikamlilia binti wa Milano ambaye sijamwona, na mtoto aliyepigwa risasi katika kaunti yangu akanipita kama namba: "watano wamejeruhiwa." Hakuna aliyenikataza kumlilia. Ni kwamba picha yake haikubandikwa kwenye friji yoyote, nami sikuitafuta. Nilikuwa nimefundishwa kutazama na watu ambao wenyewe hawakujua kwamba wananifundisha.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Mei 2020 binti yule aliokolewa Somalia. Ilikuwa Ramadhani, na corona imefunga kila kitu. Sinyora alikuwa amekwama kwao, mimi nikimwangalizia nyumba. Tarehe 10 ndege ikatua Roma, waziri mkuu wao, Giuseppe Conte, mwenyewe uwanjani. Mlango ukafunguliwa, akashuka. Amevaa jilbabu ya kijani. Alikuwa amesilimu.

Nilifurahi nikalia kama nilivyolia mwanzo. Jioni ile, futari iko mezani, sinyora akanipigia ya video. Nikadhani tutalia pamoja tena. Akaniambia, "Umeona alivyovaa? Wangemwacha hukohuko."

Rukia, nilikuwa nimejitanda mtandio, kama nilivyojitanda kila siku ya miaka kumi na moja niliyompikia. Alikuwa akinitazama usoni. Na si yeye peke yake. Matusi na vitisho vilimwandama yule binti nyumbani kwao, na mbunge mmoja akamwita gaidi mpya ndani ya Bunge la Italia. Wako waliosema hasira yao ni ya fidia inayodaiwa kulipwa waliomteka, na huenda kwa baadhi yao ilikuwa kweli. Lakini sinyora hakunitajia fidia. Alinitajia nguo. Binti ni yuleyule, kicheko ni kilekile cha kwenye friji, mateso ya miezi kumi na minane hayajapungua hata siku moja. Kilichoongezeka ni kitambaa, na kitambaa hicho kikamtoa upande wao kikamweka upande wetu.

Sikumjibu kitu. Nilisema mtandao unasumbua. Hilo nalo linaniuma mpaka leo.

Tangu siku hiyo nikawa nasikiliza habari kwa sikio jingine. Vita vya Ukraine vilipoanza, tarehe 24 Februari 2022, niliwahurumia wale watu kwa dhati, na bado nawahurumia. Nchi yao imevamiwa, mabomu yamewaangukia usingizini, kila chozi walilopewa walilistahiki. Mimi simwonei mtu wivu kwa kuliliwa. Na vita vile tulivilipia hata sisi, kila mama wa Malindi anayeuza mahamri anajua unga wa ngano na mafuta vilifika wapi mwaka ule. Lakini siku ya pili tu, mwandishi wa televisheni moja ya Marekani alisimama Kyiv akasema huu si mji kama wa Iraq au Afghanistan, ambako vita vimekuwepo miongo na miongo. Akasema huu ni mji uliostaarabika kwa kiasi fulani, wa Kizungu kwa kiasi fulani. Baadaye aliomba radhi, na kuomba radhi ni jambo jema. Hata hivyo yapime maneno yake uone. Ni lilelile la mhariri wako. Iraq wamezoea. Afghanistan wamezoea. Mtu aliyekuwa mkubwa katika ofisi ya mashtaka ya Ukraine naye aliiambia BBC kwamba inamuuma kuona Wazungu wenye macho ya buluu na nywele za dhahabu wakiuawa. Yeye simlaumu sana; kwake kulikuwa kunaungua. Alitamka tu kwa mdomo kile ambacho wengine hukitenda wakiwa kimya.

Na hukitenda mpaka katika sheria. Umoja wa Ulaya ulikuwa na kanuni ya tangu 2001 ya kuwapa hifadhi kwa pamoja watu wanaokimbia vita. Mwaka 2015 Wasyria walifika kwa mamia ya maelfu, kanuni ikakaa kabatini. Tarehe 4 Machi 2022, siku nane tangu vita vya Ukraine kuanza, ikatolewa ikatumika. Nilipoisikia nilisema alhamdulillahi, kumbe inawezekana. Lakini siku chache kabla yake nilikuwa nimeona wanafunzi wa Kiafrika na wa Kihindi, waliokuwa wakisoma hukohuko Ukraine, wakizuiwa kupanda treni na kurudishwa nyuma ya foleni mpakani, mpaka Umoja wa Afrika ukatoa tamko tarehe 28 Februari. Bomu lilikuwa moja, na baridi ilikuwa moja. Mwezi Aprili Dkt. Tedros wa Shirika la Afya Duniani, mtu wa Tigray, jimbo la Ethiopia lililokumbwa na vita, akasema waziwazi kwamba dunia haiupi uhai wa weusi na wa weupe uzito sawa, akataja kwao Ethiopia, akataja Yemen, Afghanistan na Syria. Kuna waliosema anatetea kwao. Kwao kukiungua, nani mwingine atasema?

Ile habari uliyonisomea likizo ya mwaka jana sijaisahau. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, mwaka 2016, waliwauliza wanafunzi weupe wa udaktari na madaktari waliokuwa bado mafunzoni kuhusu mwili wa mtu mweusi, na nusu yao wakakubali angalau uongo mmoja, kama ule kwamba ngozi yake ni nene zaidi. Walioamini hivyo wakayaona maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo kuliko ya mweupe. Ukaniuliza, Mama, kama daktari aliye kando ya kitanda anaona hivi, mtu anayetazama simu akiwa maili elfu nne ataona nini? Sikuwa na jibu. Nilichofikiri ni kwamba mkuki kwa nguruwe huwa mtamu pale tu mtu anaposhawishika kwamba aliyechomwa ni nguruwe.

Kwa hiyo usidhani ulilia kwa jambo dogo. Aya ile moja waliyoiacha imebaki na idadi ya waliokimbia, imebaki na jina la mji, imebaki na tarehe 15 Aprili 2023 vita vilipoanza. Mtu ndiye aliyetolewa.

Ulikuwa mtoto mdogo tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa wakafa watu 148, wengi wao wanafunzi wa umri ulio nao sasa. Miezi mitatu nyuma viongozi wa nchi zaidi ya arobaini walikuwa wameandamana Paris wakishikana mikono kwa ajili ya waliouawa pale na magaidi. Kwa Garissa sikuwaona. Ila kuna kitu vijana wa Kenya walikifanya. Hesabu ya kwanza ilikuwa 147, nao wakasema mitandaoni kwamba 147 si namba tu, wakaanza kuweka jina na picha, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikaa usiku nikisoma kwenye simu ya babako. Nilipofika kwa msichana mmoja aliyejifunga kilemba kama anavyofunga khaloo yako, nikashindwa kuendelea. Taarifa ya habari ilikuwa imenipa idadi siku mbili mfululizo na sikulia.

Lakini nisije nikakuandikia kana kwamba ugonjwa huu unakaa ng'ambo tu. Yule mama wako wa El Geneina ni Mmasalit, kabila la kule Darfur, na aliyemfukuza ni Msudani mwenzake. Alikwambia walimwita nini walipokuwa wakichoma nyumba: mtumwa. Neno hilo hatukulijifunza kwa Wazungu, na huku Pwani tunalijua. Tumehesabiana nani nywele zake za singa na nani za kipilipili, nani muungwana na nani wa kuja, mpaka katika posa na katika kupanga safu za harusi. Ukiandika habari za Sudan utaandika na hili, na ukiwa Malindi utaliandika la hapa.

Nitakupa la nyumbani kwetu, ambalo sijawahi kukusimulia.

Mwaka 1992 mimi nilikuwa wa miaka kumi na miwili. Somalia imevunjika, na watu wanakuja kwa majahazi na mashua: Wabajuni wa visiwa vya kule Kismayu, Wabarawa wa mji wa Barawa, na wengine. Tulikuwa tukikimbilia ufuoni kuwatazama wakishuka. Wabarawa walikuwa weupe, nywele zao laini, wanasema ile Chimiini yao, Kiswahili cha kwao, ambayo ukitulia waifahamu nusu. Mji ukawahurumia. Nyumba kubwa za Shela zilifunguliwa, vitanda vikatandikwa, watu wakawa wanasema, "Masikini, waungwana wa watu, waliozoea raha." Ni sawa, walistahiki kupokewa.

Katika mashua moja alishuka mama mmoja wa Kigosha na watoto wawili. Hao ni watu wa mto Juba, mababu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka huku kwetu chini, Tanganyika na Msumbiji. Somalia huitwa kwa jina la nywele zao, jareer, nywele ngumu. Mama yule alikaa chini ya mti karibu na gati tangu asubuhi. Magharibi ikaadhiniwa bado yupo. Nilimsikia jirani yetu mmoja, mtu mwema, mtu aliyekuwa amewachukua Wabarawa sita nyumbani kwake, akisema, "Hao waacheni, wamezoea kulala chini."

Nikarudi nyumbani nikalipeleka neno kama nilivyolisikia. Nyanyako alikuwa akisonga ugali. Nikamwambia, "Mama, kuna mama chini ya mti na watoto, lakini wale wamezoea."

Aliacha mwiko ndani ya sufuria. Akaniuliza nani kasema. Nikamwambia. Akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akaninyamazia kwa muda, kisha akanisimulia kitu ambacho mpaka siku hiyo hakuwa amekitamka mbele yetu. Kwamba yeye alikuwa msichana wa Ishakani, kule juu karibu na mpaka wa Somalia, na wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini mashariki, miaka ya sitini, kijiji chao kilivamiwa usiku, wakakimbia kwa mashua mpaka Faza, kisiwani Pate. Walilala ufukoni siku tatu. Na siku ya pili mwanamke mmoja wa pale alipita na mwenzake, akawatazama na leso zao zilizoungua, akasema, "Hawa Wabajuni wa bara wamezoea kukimbia."

Nyanyako akaniambia: "Nilikuwa sijazoea. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza."

Tukawasha kandili tukaenda. Alipofika chini ya ule mti hakuuliza wametoka wapi, wala kabila gani, wala mumewe yuko wapi. Alichutama akamuuliza, "Jina lako nani?" Yule mama akasema Amina. Akamuuliza na ya watoto. Ndipo akamshika mkono akamwinua. Alikaa nasi miezi mitano kabla ya kupelekwa kambini Mombasa, na baadaye tukasikia amekwenda Tanga, kwa Wazigua, ambako maneno ya mababu zake bado yanasikika. Jirani yetu, nimtendee haki, alileta godoro kesho yake, na hakulisema tena lile neno mbele yetu.

Hakuna picha ya nyanyako akiwa Faza. Hakuna aliyeandika kwamba mwaka ule msichana wa Ishakani alipoteza dada yake mdogo kwa homa juu ya mchanga. Aliitwa Mwanaesha. Liandike mahali.

Sikwambii uache kazi, na sikwambii ugombane na mhariri wako. Unamjua wewe, na huenda naye ana wakubwa wanaomhesabia wasomaji. Nakwambia rudi Eastleigh. Mweleze yule mama ukweli kwamba jina lake limetolewa na picha yake imetolewa, asije akasikia kwa mwingine. Muulize kama anataka litajwe. Labda angependa lisitajwe, maana ana jamaa waliobaki kule na waliochoma nyumba yake bado wana bunduki. Hilo ni lake kuamua. Halikuwa la mhariri kulitoa ati kwa kuwa halina uzito. Na kurasa nne zako usizifute. Zihifadhi pahala pazuri.

Jana usiku nilimsomea nyanyako ile aya kwenye gazeti ulilolituma. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Anaitwaje?" Nikageuza gazeti juu chini kama mjinga, nikitafuta kitu nilichojua hakimo. Amesema Ijumaa hawezi kumwombea mtu kwa kusema "yule mama wa Sudan."

Nakutumia kifurushi kwa basi la kesho asubuhi. Mna achari ya embe, mabuyu, na ile dawa ya kifua uliyoiacha. Mna pia doti ya leso mpya, nyekundu, nyanyako amezichagua mwenyewe akazitia na udi. Hizo si zako, ni za yule mama. Nimezifunga peke yake kwa karatasi, na juu yake nimeandika "Kwa Bi" kisha nikaacha nafasi, ujaze wewe.

Mamako